Nilivyopima Miti kwa Ajili ya Moshi wa Watu wa Mbali

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kaboni niliambiwa nikumbatie mti. Nilikuwa mtu mzima, mvi zimeshaanza, nimezoea jembe na upondo, na sasa nimesimama kando ya mto huku kwetu Ndera nimeuzungushia mkuyu mikono yote miwili, shavu limegusa gome, natafuta ncha ya tepu upande wa pili. Wanawake waliokuwa wakirudi kuteka maji wakasimama. Mmoja akauliza, "Komora, mkeo ana habari?" Wenzake wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Aliyenipa kazi hiyo tulimwita Bwana Msitu. Alikuwa ameitumikia serikali katika misitu ujana wake wote, kisha mradi wa kaboni ukamchukua. Mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Akanitazama nilivyoshika tepu akasema, "Juu zaidi. Tunapima kwenye kimo cha kifua."

Nikamwuliza, "Kifua cha nani, bwana? Changu na chako haviko mahali pamoja."

"Si chako wala changu. Ni mita moja na nukta tatu kutoka chini. Ukipima mti hapa au ukipima Brazili, ni hapo hapo." Akanikatia fimbo ya urefu huo, na fimbo hiyo nilitembea nayo miaka yote ya kazi. Iko nyuma ya mlango wangu hata leo, mke wangu anafukuzia kuku.

Vijana wengi mnaniuliza kazi ile ilikuwaje, maana sasa naona na nyinyi mnazunguka na simu mkipiga miti picha na kusema mmepima. Sikatai, huenda simu inaona. Sisi tulikuwa na kamba, tepu, chupa ya rangi, na jipiesi moja, kile kifaa cha kukuonyesha mahali ulipo, iliyokuwa ikikataa kazi mawingu yakitanda. Tulitia kijiti katikati, tukafunga kamba, tukazunguka nayo kama mbuzi aliyefungwa, na kila mti ulioangukia ndani ya duara hilo tuliupima na kuutia alama. Duara hilo ndilo tuliloliita ploti. Msitu wote hauwezi kupimwa mti mmoja mmoja, utazeeka bure. Unapima ploti, wenye hesabu wanakadiria uliobaki. Kutokana na unene wa mti wanapata uzito wake, na uzito wa mti ukikauka, karibu nusu yake ni kaboni. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Nilidhani mti ni mbao. Bwana Msitu alisema hata ukiupasua ukatengeneza kitanda, kaboni imo tu, inalala na wewe, mpaka kitanda kioze au mtu akitie kuni.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kazi nilipewa kwa sababu ujanani nilimshikia mnyororo mpima ardhi wa mashamba ya mpunga, na kwa sababu nazijua njia za viboko. Usidharau hilo la pili. Kiboko ana njia yake ya kutoka mtoni kwenda malishoni, na ukitia ploti katikati ya njia hiyo, atapita hapo hapo na wewe ukiwemo.

Baada ya Ndera nilihamishiwa Minjila, ambako mradi ulikuwa umepanga nyumba ya ofisi. Huko nikakutana na Meneja. Kijana wa mjini, mwenye adabu, alimwita kila mzee "mzee wangu" na alikula chochote alichowekewa. Nampenda mpaka leo, na nasema hivyo mapema, kwa sababu nitakayoeleza mbele yanaweza kumfanya aonekane mtu mbaya, naye hakuwa mbaya. Huko pia ndiko nilikoanza kazi na Barisa. Barisa ni Muorma, mwenye ng'ombe, boma lake liko nyuma ya kijiji chetu. Mradi ulimwajiri azungumze na wafugaji, mimi nizungumze na wakulima. Nikwambie, kuna miaka sisi Wapokomo wa mashamba na Waorma hatukuzungumza vizuri kwa ajili ya malka, yaani zile njia za ng'ombe kushukia mtoni kati ya mashamba yetu. Mimi na Barisa tulikuwa tumeshagombana tukamaliza, tukabaki na utani.

Meneja alitukalisha siku moja akatueleza soko lenyewe. "Huko kwenye viwanda," alisema, "serikali zao zimeweka kikomo cha moshi. Kila kiwanda kina kiasi chake. Anayetoa pungufu, ile nafasi iliyobaki ni mali yake, anamwuzia aliyezidisha. Na kikomo kinashushwa kidogo kidogo ili moshi upungue. Hilo ni soko la lazima."

"Ni zamu ya kisima," Barisa akasema. "Kiangazi kila boma lina zamu yake. Mwenye ng'ombe wachache akimaliza mapema, jirani anaingia."

"Hapo hapo, mzee wangu."

"Lakini sisi zamu hatuuzi. Na kisima kikikauka, zamu zote zimekwisha."

Meneja akanywa chai kidogo, akaendelea. Sisi, akasema, hatumo katika soko hilo. Sisi ni soko la hiari. Mnunuzi halazimishwi na mtu. Ni kampuni inayotaka kuwaambia wateja wake kwamba moshi wake imeufidia mahali pengine. Inachonunua ni tani ya hewa ukaa, ule moshi wenyewe, ambayo haikupanda angani kwa sababu mti haukukatwa. Tani moja kama hiyo ndiyo krediti moja.

"Na mathenge, ule mti wa miiba uliovamia malisho?" Barisa akauliza. "Ina kaboni?"

"Inayo."

"Basi waje na magunia waichukue yote. Mbuzi wangu wameisha meno kwa mathenge."

Tulicheka, lakini Meneja hakumalizia na mathenge. Alitaka tulishike neno moja, nalo ni ziada. Mnunuzi hanunui msitu, alisema, ananunua tofauti. Msitu ungekuwaje bila mradi, na umekuwaje kwa sababu ya mradi. Kama ungekatwa na sasa haukatwi, tofauti hiyo ndiyo mali. Kama usingekatwa kamwe, hakuna tofauti, hakuna cha kuuza. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Kwa kweli nilielewa baadaye.

Sasa nije kwenye Msitu wa Chini. Uko chini ya kijiji chetu, mto unapojikunja, na ndiko iliko mialole yetu mikubwa. Mwalole ndio mti wa mtumbwi. Msitu huo uko chini ya gasa, baraza la wazee wa Kipokomo. Anayetaka mtumbwi huenda kwa gasa, wazee wanaingia naye, wanamwonyesha mti mmoja, anaukata huo basi. Akikosekana wa kukata, msitu unakaa. Sikumbuki kumwona mtu ameingia na shoka bila wazee, na baba yangu hakunihadithia.

Kijiji chetu hakina zahanati. Iliyo karibu iko ng'ambo ya mto, na mwanamke akishikwa na uchungu tunakimbilia mtumbwi wowote ulio karibu, wa mvuvi, wa mwenye shamba, ukiwa na maji ndani ukiwa hauna. Meneja alikuja akaahidi barazani kwamba Msitu wa Chini ukikubaliwa, mgao wa kwanza wa fedha utajenga zahanati upande wetu. Mama Hadulu akasimama. Yeye ni mkunga wetu, mikono yake imewapokea nusu ya watoto wa kijiji. Akamwambia, "Rudia hayo, mwanangu, wale wa nyuma hawakusikia." Wale wa nyuma walisikia sana. Alitaka yasemwe mara mbili.

Kabla ya krediti kuuzwa, lazima aje mkaguzi asiye wa mradi wala wa mnunuzi, atembee, aulize, arudi kupima baadhi ya ploti zetu. Siku chache kabla ya kuja kwake, Meneja aliwaendea wazee akala nao wali na samaki, akawaambia taratibu, "Wazee wangu, mkiulizwa, semeni msitu uko hatarini. Watu wanataka kufungua mashamba ya mahindi, wengine makaa. Na kweli, sehemu nyingine mtoni wanafanya." Wazee wakatikisa vichwa. Meneja akarudi Minjila ametulia. Hakujua jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua, kwamba mgeni habishiwi chakula kikiwa mbele yake. Kutikisa kichwa pale ni kumkaribisha ale.

Mkaguzi alikuwa mama kutoka Nairobi, Kiswahili safi, viatu vimechafuka kama vyetu, hakulalamika. Gasa ikakaa. Ndani ya gasa mzee husema Kipokomo, hata kama Kiswahili anakijua kuliko padri, kwa hiyo mimi nikawekwa katikati nifasiri. Meneja alikaa kulia kwangu. Barisa alikaa na wageni. Mama Hadulu na wanawake wenzake walikaa nje kidogo, kwa sababu gasa ni ya wanaume, lakini masikio hayana ua.

Mkaguzi akauliza, "Kama mradi huu usingekuja, msitu huu ungekuwaje?"

Nikaifasiri. Mjomba wangu, Mzee Jilo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa gasa. Alisimama na fimbo yake, na nilipoona anachukua muda kukunja shuka begani nikajua anakwenda kusema neno refu. Halikuwa refu. "Ungekuwa hapo hapo ulipo. Nani angeukata, na sisi tupo?"

Elewa alivyoulizwa. Kwa mama yule ni swali la hesabu. Kwa Mzee Jilo ni kuulizwa mbele ya watu, je, baba zako na wewe ni watu wa kushindwa na msitu mmoja? Hakuna mzee wa gasa atakayesimama aseme ndiyo, tungeshindwa.

Meneja hakujua Kipokomo lakini uso wangu aliujua. Akaniinamia. "Mzee Komora, huenda swali hakulielewa. Mwulize tena."

Nikamwuliza tena. Mjomba akasema, "Mwambie mimi si kiziwi."

Nikafasiri yote mawili kama yalivyosemwa. Baadaye watu wa mradi walinisifu kwa ukweli, na watu wa kijiji walinilaani kwa ukweli huo huo, na mimi nasema nilikuwa na sababu ndogo tu. Neno la gasa likibebwa hubebwa zima, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Na tena Barisa alikuwa pale, anakijua Kipokomo kama mimi. Ningelipinda, angenitania mpaka kaburini.

Mkaguzi akaandika. Msitu wa Chini ukatolewa katika mradi. Sehemu zilizobaki ziliendelea, zile ambazo watu walikuwa wameshakata miti kwa makaa. Huko ikaletwa miche, walinzi wakaajiriwa, mgao ukafika. Kwetu haukufika.

Mama Hadulu alinikuta kisimani. Hakupaza sauti.

"Waliokata wamepata," akasema. "Sisi tuliolinda tumekosa. Nimeelewa vizuri au sikuelewa?"

"Umeelewa, mama."

"Basi huo msitu hauko hatarini kwa sababu hatujautia hatarini."

Nikamweleza kanuni, kwamba wakaguzi hutazama nyuma, ukikata leo ili ulipwe kesho wanakukataa. Aliniangalia kama mtu anayemsikiliza mlevi. Wiki hiyo hiyo akaingia Msitu wa Chini na wanawake wawili na vijana wenye mashoka, bila gasa, mchana kweupe, wakaangusha mwalole. Mmoja tu. Nilikuwa shambani nikausikia. Mti mkubwa ukianguka karibu na mto, ndege wote wanaruka, kisha kunakuwa kimya ambacho sipendi kukikumbuka.

Gasa ilikaa siku tatu haikujua la kufanya, kwa sababu jambo hilo halikuwa na mfano. Mzee Jilo hakumgombeza Mama Hadulu. Nadhani alimwogopa kidogo, ndiye aliyemzalisha binti yake. Mwisho wakaamua hivi: mti uliokatwa bila wazee hauna mwenyewe, hauuzwi wala haupasuliwi kuni. Uchongwe mtumbwi, na mtumbwi uwe wa kuvushia wanawake wenye uchungu, ukae bandarini usiende kuvua, usibebe mahindi. Mama Hadulu akapewa kuutunza. Ukachongwa. Mtumbwi mzuri, mpana, unakaa majini kama bata. Mzee Jilo alifariki mwaka uliofuata, na jeneza lake ndilo mzigo pekee usio wa mwanamke ambao Mama Hadulu aliuruhusu ndani yake.

Niliendelea na kazi miaka kadhaa, nikapelekwa Idsowe kupima miche iliyopandwa. Kupima mche ni kazi ya kukunja mgongo, na unarudi nyumbani huna cha kusimulia. Kisha soko likayumba. Tulisikia redioni kwamba huko nchi za mbali watu wamegundua krediti nyingi zimeuzwa kwa ajili ya misitu ambayo haikuwa na hatari yoyote, hatari iliandikwa tu kwenye karatasi. Wanunuzi wakaona aibu, wakarudi nyuma. Meneja alitukusanya Minjila akatuambia mkataba wetu hautaongezwa. Nikamwambia, "Kumbe kuna waliowafasiria wazee wao vizuri kuliko mimi." Akacheka, lakini alikuwa amechoka. Aliniaga kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila keki.

Nimekaa nyumbani na mambo haya nimeyatafakari. Naambiwa soko halijafa, linabadilika. Nchi zenyewe sasa zinataka kuuziana, kampuni za ndege zinaingizwa, na hapa kwetu imekuja sheria kwamba jamii iwe na mkataba wake na sehemu yake, si zawadi ya meneja. Hayo ni mazuri. Wengine wanasema itakuja krediti ya kumlipa aliyelinda tangu zamani, si aliyeacha kukata jana. Ikija nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini lile neno la Barisa la kisima halijanitoka. Kuuziana zamu kuna maana maji yakiwa na kikomo ambacho kila mtu anakiogopa. Kikomo kikiwa cha maneno, ni mashati tu tunabadilishana, moshi uko pale pale. Na nyinyi mtakaofanya kazi hii baada yangu, msiwaulize watu kama wangeharibu kitu chao mpaka mjue mnawauliza nani, na wamelelewaje.

Mwaka huu ukaja mradi mwingine, na mkaguzi mwingine, mwanamume, mpole. Gasa ikakaa. Mimi sasa nakaa upande wa wazee, sifasiri tena. Swali likawa lile lile, sijui wanalifundisha wapi: bila mradi, msitu ungekuwaje?

Wazee wakaangaliana. Mzee Jilo hayupo, na kila mtu anakijua kile kisiki cha mwalole. Ndipo Mama Hadulu akasimama kule nje alikokaa, na kwa kuwa yeye si wa gasa hakulazimika kusema Kipokomo. Akasema kwa Kiswahili, "Ungekatwa. Mimi mwenyewe niliukata."

Hakuna aliyemnyamazisha.

"Mlipokuja mara ya kwanza," akasema, "hapa hakuna mtu aliyefikiria kukata. Mlipotuambia msitu usio na hatari hauna soko, tukafikiria. Sasa kila kijana hapa ameshafikiria. Andika hivyo."

Mkaguzi akaandika. Sikuweza kujua kama ameandika vizuri. Mara ya kwanza nilifasiri kwamba msitu hauko hatarini, na ilikuwa kweli. Leo mama huyu amesema uko hatarini, na ni kweli pia, na katikati ya kweli hizo mbili hakuna kitu kingine kilichoingia isipokuwa sisi na tepu zetu.

Akaomba aonyeshwe. Tukashuka pamoja mpaka kwenye kisiki. Mkaguzi akachutama, akakizungushia tepu chini, akasimama, akaishika tepu mbele ya kifua chake mahali palipokuwa na hewa tupu, akauliza, "Na mti wenyewe uko wapi?"

Tukatazama bandarini. Palikuwa na alama ya mtumbwi kwenye tope, na maji.

"Uko ng'ambo," Mama Hadulu akasema. "Umempeleka mkwe wa Barisa akajifungue."

Mkaguzi akakunja tepu. Tukakaa hapo ukingoni, sote, tukaungoja urudi.